Skrubu Tatu za Mhandisi wa Iringa

Habari ilinifikia kwa simu nikiwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa fundi viatu, mguu mmoja umevaa kiatu na mwingine umekanyaga kipande cha boksi. Mke wa mhandisi hakuzungusha maneno. "Shemeji," alisema, "mwenzako ametutoka. Presha ilipanda, kikaja kiharusi, hatukuwahi kumfikisha popote. Tunamzika Ilula kesho kutwa." Nilimpa pole, naye akaitikia kwa sauti ya mtu ambaye bado ana simu nyingi za kupiga. Fundi akaniuliza kama aendelee kushona. Nikamwambia ashone tu, maana mtu hawezi kwenda msibani na kiatu kimoja. Mvua ya Mbeya ilikuwa imeanza, ile isiyo na haraka, na watu wa sokoni walikuwa wakifunika mali zao kwa maturubai bila hata kuangalia juu.

Wanaonisoma kwa muda mrefu huenda wanakumbuka kwamba niliwahi kumtaja, bila jina kama ilivyo desturi yangu, yule rafiki wa Iringa anayekanda mpira kama unga. Ndiye huyo. Hatukuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ingawa mwisho wa yote nimemzika. Tulifahamiana kwa sababu nusu ya maisha yangu naiishi barabarani kati ya miji hii miwili, na karakana yake ilikuwa Ipogolo, pale chini ya mji barabara kuu inapopita, mahali ambapo mtu aliyechoka na basi anaweza kushuka akapata chai na mazungumzo. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kunusa viganja vyake kila alipomaliza kunawa, kana kwamba hakuyaamini maji na sabuni. Akikueleza jambo la kazi yake alisimama. Mengine yote aliyaongea akiwa amekaa.

Alizaliwa Ilula kwa mama muuza nyanya, akasoma uhandisi, akafanya kazi miaka mingi Dar es Salaam katika kiwanda cha mabomba ya plastiki, kisha akarudi Iringa akiwa na mvi za kwanza na wazo moja. Wazo lenyewe lilizaliwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu wa ukoo uliotoka Bara Hindi zamani, ambaye babu yake aliuza misumari na mabati katika duka lile lile. Hospitali za wilayani zilikuwa hazikomi kuja kuulizia mpira wa mlango wa mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji kwa mvuke. Wenyewe huiita otoklevu. Mpira huo ukichoka mvuke unavuja, joto halifiki panapotakiwa, na mikasi inayotoka humo huonekana safi kumbe si salama. Kuuagiza kutoka nje kulichukua miezi, na mara nyingi ulipofika haukulingana na mlango. "Tutengeneze wenyewe," mhandisi alisema. Mfanyabiashara akatoa chumba na mashine. Yeye akatoa elimu yake, pamoja na kitu ambacho wengi hatutoi tunapoanzisha biashara, jina lake.

Naomba mnivumilie nieleze mashine hiyo, kwa kuwa maisha ya mtu huyu yaligeukia humo. Mmeona mashine ya kusagia nyama buchani: nyama inaingia juu, ndani kuna skrubu nene inayozunguka, nyama inasukumwa mbele mpaka inatokea kwenye matundu. Mashine ya Ipogolo ilifanya kazi hivyo hivyo, ila ilikuwa na urefu wa kitanda na ilisukuma mpira wa silikoni, ambao ukiwa mbichi ni donge laini kama la chapati. Ulitokea mbele kama kamba ndefu, ukapita kwenye tanuri la hewa ya moto, ukaiva. Kamba hiyo ndiyo iliyokatwa na kuungwa kuwa duara la kuvalisha mlango. Sasa, mashine ilinunuliwa ikiwa imetumika kiwandani, ikiwa na skrubu ya plastiki. Plastiki huingia ikiwa punje ngumu, kwa hiyo skrubu yake hutengenezwa ndefu na yenye kubana sana, ili ikandamize, isugue, ilete joto, iyeyushe. Silikoni haitaki kuyeyushwa. Joto likiipata ndani ya silinda, lile bomba linaloizunguka skrubu, inaanza kuiva humo humo, kabla ya wakati wake. Walipojaribu na skrubu ile ya kwanza, yalitoka mabonge mabonge kama ugali uliopikwa na mtu aliyeitwa nje. Mhandisi alicheka siku hiyo. Alilitarajia jambo hilo, na alikuwa ameshaanza kuchora skrubu nyingine.

Skrubu ya pili aliichagua yeye, akaichora yeye, ikakerezwa kwenye karakana moja ya vyuma huku Mbeya. Ilikuwa fupi. Mifereji kati ya meno yake ilikuwa na kina kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho, ili mpira usibanwe mahali popote, usisuguane, usipate joto. Maji baridi yalizungushwa kuizunguka silinda. Nilikuwepo ilipowashwa mara ya kwanza. Kamba ilitoka laini, nyeupe, inang'aa, na mfanyabiashara aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika mkono wa mtoto mchanga. "Injinia," alisema, "hii ukiniambia imetoka Ulaya nakubali." Hospitali zikaanza kununua, kwanza za Iringa, kisha za huku Mbeya hadi vilimani, ambako mashine zilikuwa kuukuu na milango yake hailingani na kipimo chochote cha kwenye katalogi. Kwa muda fulani mtu huyu mkimya alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa ya aina ya ajabu: akiingia hospitali kumtembelea mgonjwa, kwanza alienda kuangalia mlango wa otoklevu.

Mke wake alikuwa na sufuria ya presha ya kuchemshia maharage. Mhandisi aliigeuza kuwa maabara. Kila siku alitumbukiza vipande vya kamba yake humo, akavichemsha kwa mvuke, akavipoza, akavichemsha tena, ili aone mpira utakavyokuwa baada ya kufanya kazi muda mrefu. Mama wa nyumba alilalamika kwamba maharage yana harufu ya dukani. Nilikuwa kwao siku aliyotoa kipande kimoja na kukitazama kwa karibu. Kilikuwa kimevimba ubavuni, uvimbe mdogo kama wa kuumwa na mbu. Akachukua wembe, akakipasua, akakisogeza dirishani kwenye mwanga, kisha akanipa. Katikati ya mpira kulikuwa na vitundu, vidogo sana, kama vya ndani ya mkate. Alisimama. "Hewa," akasema. "Donge likiingia linaingia na hewa. Skrubu inatakiwa ibane kidogo kuelekea mbele, hewa irudi nyuma itoke. Mimi niliogopa joto, nikaondoa kubana kote. Mvuke unaingia kwenye vitundu, unavimbisha, na siku moja mpira utapasuka." Mke wake akauliza, "Yote?" Akajibu, "Yote imepita kwenye skrubu hiyo hiyo."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja dukani. Mfanyabiashara alisikiliza hadi mwisho, akafunga mlango wa ofisi yake ndogo, akaagiza chai. Nataka haki itendeke kwake, kwa sababu watu waliosikia kisa hiki nusu wamemfanya kuwa mtu mbaya, na hakuwa. "Kuna mpira hata mmoja umepasuka?" aliuliza. Hakuna. "Kuna hospitali imelalamika?" Hakuna. "Basi sikiliza, ndugu yangu. Chora skrubu ya tatu, ikatwe upesi. Mipira mipya ikiwa tayari, tunazunguka nayo, tunavua ya zamani, tunavisha mipya, tunasema ni huduma kwa wateja. Hakuna atakayeumia, na hakuna atakayetushika vibaya. Lakini ukienda leo mikono mitupu kuwaambia watu wa hospitali kwamba tuliwauzia kibovu, umefunga mlango huu kwa mkono wako. Kawia ufike, Injinia." Mhandisi alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. Akasema sawa. Nadhani wengi wetu tungesema sawa. Ulikuwa ushauri wa mtu mwenye busara, na mimi niliyekuwa nimekaa pale kwenye gunia la misumari niliuona kuwa mzuri.

Mchoro ukapelekwa Mbeya. Mkereza vyuma akasema chuma chenyewe hakijafika, kisha kikafika, kisha umeme ukasumbua. Siku zikapita, zaidi ya wiki moja. Nilikuwa Iringa natafuta usafiri wa kurudi Mbeya pale mhandisi aliponipigia. "Nakupitia," alisema. "Naenda kuichukua mipira." Nikadhani skrubu imekamilika. Nilipoingia kwenye pikapu yake nikaona nyuma hakuna kitu.

Safari hiyo nimeisafiri mara nyingi kichwani. Alisimama kila hospitali na kituo cha afya alichokuwa amekiuzia, akaingia, akaomba kumwona msimamizi wa chumba cha upasuaji, akasema maneno yale yale: mpira niliowaletea una kasoro, kosa ni langu, naomba muuvue. Mmoja alimcheka usoni. "Mzee, huu mpira ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kupata, halafu unaniambia niuvue?" Mwingine alimwuliza kama anatumwa na washindani wake. Mmoja alishukuru, akauvua, na baadaye nikasikia kwamba ndiye aliyeeneza kwamba mipira ya Iringa ina mapovu. Tulipofika Igawa tulikula wali, na hapo nikamwuliza kwa nini hakungoja kama walivyokubaliana. Aliufikicha wali kwa vidole muda mrefu. "Mke wangu alipika maharage kwenye ile sufuria," alisema. "Nilishindwa kuyala. Nikajiuliza, kama mimi siwezi kula kilichopikwa pale kwa sababu ya ninachokijua, mbona wao nimewaacha?" Akaongeza, "Nilipaswa kuondoka siku ile ile."

Hospitali ya mwisho ilikuwa juu ya vilima, ng'ambo ya jiji la Mbeya, kule kwenye viazi na kabichi na ukungu unaoshuka hadi barazani. Ni hospitali ndogo, na muuguzi aliyesimamia chumba cha upasuaji, mama wa makamo ambaye kila mtu humwita Sista, ndiye aliyekuwa amembembeleza mhandisi miezi ile ya nyuma awatengenezee mpira wa mlango wao wa ajabu. Alimpokea kwa furaha. Furaha hiyo niliiona ikimtoka usoni neno kwa neno. "Unasema niuvue sasa hivi?" akauliza. Mhandisi akasema ndiyo. Akamwonyesha kipande kilichopasuliwa. Sista akakiangalia, akakirudisha. "Injinia, mimi nina mama humu ndani. Uchungu wa tangu jana, mtoto amekaa vibaya. Daktari anavaa kwa upasuaji. Vyombo vyangu vimetoka kwenye mashine hiyo." Kisha akauliza swali lililotumaliza wote: "Mvuke umefika au haukufika? Niambie wewe uliyeutengeneza." Mhandisi akasema, "Sijui, Sista. Pengine umefika. Siwezi kukuapia."

Hapo hapakuwa na njia nzuri. Hawakuwa na vyombo vingine vilivyo tayari. Mpira wa zamani walikuwa wameutupa, na gari la wagonjwa lilikuwa limeshuka mjini na mgonjwa mwingine. Daktari, kijana mwenye macho mekundu, alisema hatakata kwa vyombo asivyovijua. Tukamteremsha yule mama kwa pikapu hadi hospitali ya mjini. Sista alikaa naye mbele, mhandisi akaendesha. Mimi nilipanda nyuma pamoja na mama mkwe wa mgonjwa, mkulima wa hapo hapo vilimani, aliyekuwa amejifunga kanga mbili na kushika beseni la nguo za mtoto. Manyunyu yalitupiga. Barabara ilikuwa tope na mhandisi alilazimika kwenda polepole kuliko moyo wake. Bibi yule alisali kwa Kisafwa muda mrefu, kisha akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, "Kwani mashine yao imeharibika lini, baba?" Nilitazama kabichi zilizokuwa zikirudi nyuma kando ya barabara. Nikamwambia sijui. Ilikuwa kweli na haikuwa kweli.

Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alitoka kimya, na waliyofanya wauguzi kumwamsha hayakufaa kitu. Daktari wa mjini alisema huenda alikuwa ameshachoka hata kabla ya safari. Huenda. Neno hilo mhandisi alilibeba tangu siku hiyo mpaka kaburini, na sidhani kama lilimpa nafuu hata saa moja. Tulikuwa tumesimama kwenye ukumbi wa hospitali pale bibi alipotoka na beseni lake, nguo zikiwa bado zimekunjwa vizuri. Alimwendea mhandisi moja kwa moja. Nikadhani Sista amemwambia. Kumbe hakuambiwa kitu. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Asante, baba, kwa gari. Mungu akuongezee." Mhandisi aliinama, akaitikia kama mtoto anayefundishwa adabu. Kisha akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya pikapu, ameegemea bodi, mvua inamnyeshea. Nilipomfuata aliniambia jambo moja tu. "Ningekuja siku niliyojua, wangekuwa wameshapata mpira mwingine. Au wangekuwa na habari. Kuja nimekuja. Nilichelewa kuja."

Skrubu ya tatu ilikatwa hatimaye. Nilipelekwa kuiona. Ilikuwa fupi kama ile ya pili, ila mhimili wake ulinenepa taratibu kuelekea mbele, mifereji ikapungua kina kidogo kidogo, kiasi cha kuikamua hewa bila kuleta joto. Ukiiangalia haraka usingeiona tofauti. Mhandisi alivipasua vipande vyake kwa wembe siku baada ya siku na havikuwa na kitundu. Mipira ya kwanza ilipotoka aliipeleka vilimani yeye mwenyewe, akaiweka mezani kwa Sista, akasimama. Sista hakumkaribisha kiti. Aliupima mpira, akaufunga mlangoni, akaiwasha mashine, akaitazama mpaka mzunguko ukaisha. Halafu akasema, "Utaniletea na mwingine wa akiba." Hizo ndizo zilizokuwa salamu zao, na ziliendelea kuwa hivyo kwa miaka iliyobaki.

Wateja wengine hawakurudi. Hawakugombana naye. Wengi walimsifu, wakasema watu kama yeye hawapo siku hizi, kisha wakaagiza kwingine. Mfanyabiashara alimshauri aseme malighafi ndiyo iliyokuwa mbovu, jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulikanusha. Mhandisi akasema, "Malighafi ilikuwa nzuri. Skrubu niliichagua mimi." Kila aliyeuliza alijibiwa hivyo, hata wale waliokuja kununua na wangenunua kama angekaa kimya. Karakana ikawa inatengeneza mipira ya majokofu, baadaye vipande vya hapa na pale, baadaye ikawa inafunguliwa wiki hii na kufungwa wiki ile. Chuo cha ufundi kilimchukua kufundisha kwa muda. Vijana wake wananiambia somo lake la kwanza lilikuwa kile kipande kilichovimba, na kwamba aliwaeleza habari ya yule mama na yule mtoto bila kuruka kitu, huku akiwa amesimama. Presha ilimwanza katika miaka hiyo. Mke wake alimpeleka kliniki, akawa anakunywa dawa, akaendelea kulala vibaya.

Nimekuwa nikijiuliza, tangu nilipofunga safari kwenda Ilula, ni nini hasa tulichomfanyia mtu huyu. Tunaoishi kando ya barabara kuu tunajua kununua. Ukisimama Ilula au Ruaha Mbuyuni hununui ndoo ya nyanya bila kuingiza mkono chini, kwa sababu unajua zile nzuri zimepangwa juu. Muuzaji naye anajua kwamba unajua, na mnacheka. Hakuna anayemkasirikia. Lakini jaribu kumfikiria muuzaji anayekuita basi linapoondoka akuambie, samahani, chini kuna zilizooza. Je, kesho utasimama kwake? Nawaogopa wanaojibu upesi kwamba ndiyo. Nimekaa kwenye vikao vya harusi, vya shule, vya ushirika na vya kanisa, na sijaona mtu aliyesema "hapo nilikosea mimi" akachaguliwa tena kushika jambo. Huwa tunampigia makofi, tunampa mtu mwingine. Kisha tunashangaa kwa nini daraja linapochukuliwa na maji hakuna aliyelijenga, na dawa zinapoharibika hakuna aliyezihifadhi. Tumewafundisha watu wetu kwa miaka mingi, kwa subira kubwa, kwamba aliye salama ni yule anayesubiri mpaka kasoro ijionyeshe yenyewe. Ule ushauri wa kukawia uliotolewa dukani haukuwa wa mtu mmoja. Ni sisi tuliouandaa, na mhandisi alipoukataa hatimaye, ni sisi tuliomlipisha.

Ilula tulimzika mchana, upepo ukiwa mkali, kwenye shamba la mama yake ambaye bado yu hai na alikaa kwenye mkeka akitazama mbele bila kulia. Waombolezaji hawakuwa wengi. Vijana wa chuo walibeba jeneza. Mfanyabiashara alikuja na kanzu na watoto wake wawili wakubwa, akashika koleo kama wengine, akatupa udongo mpaka akahema. Baadaye alinivuta pembeni. "Wewe ulikuwepo," aliniambia. "Mimi ndiye niliyemwambia asubiri. Miaka yote hii hakuniambia hata siku moja kwamba ni mimi. Tulikuwa tunakunywa chai, tunaongea mpira na siasa. Afadhali angenilaumu." Nilimwambia kwamba marehemu alimpenda, naye akasema anajua, na kwamba hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Sista alikuwepo pia. Alikuwa amepanda mabasi mawili kutoka vilimani na alikuwa anataka kuwahi kurudi. Nilimsindikiza barabarani. Nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nalo kwa muda mrefu: kwa nini hospitali iliyoumizwa kuliko zote ndiyo pekee iliyobaki kununua kwake. "Nilimkasirikia," alisema. "Usiandike kwamba nilimsamehe, sijui kama nilimsamehe. Yule mama bado namwona sokoni, na bado nasalimiana naye. Lakini mimi kazi yangu ni kuamini vitu nisivyoweza kuviona ndani. Nanunua nyuzi, nanunua sindano, nanunua mpira. Katika wote wanaoniuzia, ni mmoja tu niliyekuwa na uhakika kwamba kikiwa kibaya atapanda mlima kuja kuniambia. Sasa ningenunua kwa nani?" Basi likaja, akapanda, akatafuta kiti upande wa pili, sikumwona tena.

Funzo ninalolitoa hapa silitoi kwa furaha, na limechelewa kumfaa anayehusika. Wewe unayejua kasoro ya kazi yako, siku ya kuisema ni siku hiyo hiyo unapoigundua. Kila siku unayoiongeza hailipwi na wewe, inalipwa na mtu usiyemfahamu, aliye mbali na duka lako. Na sisi wengine, akija mtu kutuambia kwamba alichotuuzia ni kibovu, tumkasirikie, ni haki yetu. Tukimaliza kukasirika, tuendelee kununua kwake. Hatukufanya hivyo. Karakana ya Ipogolo imefungwa, hospitali zetu zinaagiza tena mipira kutoka mbali, na ikiwa na vitundu ndani hakuna mtu atakayepanda mlima kuja kutuambia.